Punje za Mchelewaji

Mbegani, Ijumaa, 17 Juni 1887

Mwanangu Roda, ambaye kuanzia kesho utaitwa Chausiku,

Kabla ya kuchovya kalamu nimejiwekea ahadi: nitakuandikia yote, hata yanayonitia haya, na sitayapamba ili unipende zaidi. Bibi Edita amenipa ruhusa niache kushona mchana huu. Amenipa na karatasi nzuri, zile anazoandikia kwao, akasema, "Andika, Marta, lakini usimlize mtoto." Nimemwambia nitajitahidi.

Sasa hivi uko uani, Sesilia anakusuka. Nakusikia ukilalamika kwamba anavuta mno, naye anakujibu, "Tulia, bibi harusi! Unataka mama yako akuone na kichwa cha kunguru?" Siku hizi anaposema "mama yako" nainua kichwa, halafu nakumbuka kwamba hanisemi mimi.

Sitakuandikia habari za kuoga, wala za kuchana nywele, wala za kushika ukingo wa mtumbwi mtakapovuka mto Ruvu. Hayo mjomba wako Kibwana atakuambia, na akisahau yeye, mama yako hatasahau. Amekaa miaka mingi na maneno hayo bila mtoto wa kumwambia. Nataka nikuandikie jinsi tulivyoishi, wewe na mimi, kwa kuwa ulikuwa mdogo na mengine huyajui. Tena asubuhi ulishika kaniki yangu ukasema hutaki kwenda. "Mwambie mjomba awe anakuja kuniona huku huku." Nikakuuliza sababu, ukasema lile neno lako la zamani: "Mimi nimekula chakula cha hapa."

Sikukujibu, kwa sababu neno hilo nilikutia mimi kichwani. Jibu langu ni barua hii.

Nianze na desturi ya shule yetu, uweze kumweleza mama yako, maana atashangaa ukimwambia kwamba ulikuwa na mama aliye sawa na dada. Hapa kila msichana mkubwa hupewa mtoto mdogo awe wake. Huitwa mama, na hutakiwa awe mama kweli: amwogeshe, amsuke, alale naye mkeka mmoja, na mtoto akivunja mtungi anayeitwa ni mama. Bibi Mkubwa, msimamizi wa shule, husema kwamba msichana aliyenyang'anywa mama yake atapona akipata wa kumlea. Sijui kama nimepona. Najua tu kwamba nilimwomba Mungu anipe mtoto anayecheka, nikapewa wewe.

Uliletwa pamoja na watoto wengine waliookolewa na manowari ya Waingereza kutoka kwa wauza watu, kama nilivyoletwa mimi zamani zaidi. Wenzako waliingia ndani wakapewa uji. Wewe ulibaki mlangoni, mkono umeshika mwimo, huingii wala hutoki. Kila ulipoulizwa jina ulitazama miguu yako. Ndipo Bibi Mkubwa akakuita Roda, kwa kuwa katika Kitabu yuko msichana wa jina hilo aliyekwenda mlangoni, akamwacha mgeni nje bila kumfungulia. Mimi ndiye niliyetumwa kukuingiza. Nilikubeba, ukawa mgumu kama kuni, na kiganja chako kikatoka kwenye mwimo kidole kimoja kimoja.

Wakati huo nilifikiri kwamba mama mwema ni yule ambaye mtoto wake halii. Ulipolia nilikuziba mdomo, nikiogopa wasichana waseme Marta hajui kulea. Ulipoacha kulia nilijisifu. Sasa nimekua kidogo, na nimeona watoto wengine wakiletwa, na najua kwamba wanaolia ndio wanaopata nafuu mapema. Wewe ulikaa kimya msimu mzima wa mvua, na nusu ya kimya hicho nilikitia mimi kwa kiganja changu.

Halafu nilikufundisha kwamba mgeni akikuuliza kwenu ni wapi, useme, "Kwetu ni hapa." Nilidhani nakukinga, watu wasikuulize mambo yasiyo na majibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijibu hivyo, na ilinisaidia kutofikiri.

Jambo la kwanza ulilofanya kwa hiari yako lilikuwa kutwanga. Nilikuwa kinuni, ukaja ukasimama, nikakupa mchi mdogo. Kabla ya kuanza ulichota punje chache, ukazitupa upande wa kushoto wa kinu kwa mgongo wa mkono, ukapuliza. Nilishangaa. Nikasema, "Roda, hatutupi chakula." Kesho yake ukatupa tena. Nikakupiga kofi la mkono. Ukaanza kungoja nigeuke ndipo utupe, na mimi nilikuwa nikigeuka ghafla kukukamata, na Sesilia akicheka, "Mwache mwanga wako, Marta! Analisha kuku wa kuzimu." Nilikukataza kwa miaka. Nilikuzidi kwa nguvu na kwa maneno, lakini mkono wako haukunisikia, na leo namshukuru Mungu kwa kuwa sikukuweza.

Sasa nikukumbushe masomo ya Kiingereza, maana jambo lote limetokea huko.

Tulisomea barazani, saa za joto, na wewe ulikaa nyuma yangu umeegemea mgongo wangu, ukipanga vifungo vya Bibi Edita kwa rangi zake. Siku ile tulikuwa tukijifunza majina ya miezi. Bibi akasema, "Wasichana, majina haya mengine ni ya miungu ya Warumi wa kale."

Nikauliza, "Warumi wale walioandikiwa waraka na Paulo, Bibi?"

"Hao hao, Marta, kabla hawajaamini."

Akatuambia kwamba "January" imetoka kwa Janus, mungu wa milango, aliyekuwa na nyuso mbili, mmoja unatazama ndani na mwingine unatazama nje. Sesilia hakuweza kuvumilia. "Bibi, basi huyo alikuwa mmbea mkubwa! Na nani angemsengenya, naye ana uso mpaka kisogoni?" Bibi alicheka hata akavua miwani. Akaendelea: "March" ni ya Mars, mungu wa vita. "June" ni ya Juno, ambaye wanawake walimwomba wakati wa kuolewa na wa kujifungua. "Saturday" ni ya Saturn, ambaye wakulima walimwomba wakati wa kupanda. Hata mlima unaotapika moto, ambao hakuna kati yetu aliyeuona, huitwa "volcano" kwa jina la Vulcan, mhunzi wa miungu.

"Kumbe mnawataja kila siku," Sesilia akasema, "halafu Jumapili mnatuambia tusiwataje!"

"Hatuwaabudu, Sesilia. Yamebaki majina tu. Mtu husema 'June' na hamkumbuki Juno hata kidogo. Neno limekaa mdomoni, mwenyewe amesahauliwa."

Hapo wewe, ambaye kwa siku nzima hukusema zaidi ya maneno matano, ukauliza nyuma ya mgongo wangu, "Nani anawafagilia?"

Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa. Ulikuwa unafikiria kile kibanda kidogo cha mzimu njiani kwenda kisimani, ambacho wanakijiji hukifagia na kuacha unga kwenye kifuu. Bibi akajibu kwa upole, "Hakuna anayewafagilia, mwanangu. Nyumba zao zilianguka zamani sana."

Ukasema, "Basi hawajui kwamba wanaitwa."

Bibi Edita akaandika kitu kwenye ubao, akafuta bila kutusomea.

Sasa nifike kwenye ile siku ya ghalani. Tulikuwa tukipanga magunia ya mtama, mahindi na mpunga. Bibi hupenda kufundisha popote, akasema kwamba vyote hivyo kwa pamoja Waingereza huviita "cereals", na kwamba hilo nalo ni jina la mungu, wa kike, aliyeitwa Ceres, mwenye nafaka zote. Tukamwomba hadithi, akatupa. Binti wa Ceres alikuwa shambani akichuma maua na wenzake. Ardhi ikapasuka, akatoka mfalme wa kuzimu, akamchukua. Mama yake akawasha mienge, akatembea nchi yote akiuliza kila aliyekutana naye. Akakataa kula. Akazizuia nafaka zisiote, watu wakaona njaa.

Hata Sesilia hakuwa na mzaha. Kila mmoja wetu mle ndani alichukuliwa mahali, mwingine shambani, mwingine kisimani, mwingine hajui. Bibi aliona tulivyomtazama, akatambua hadithi aliyoishika mkononi, akataka kuiweka chini. Akasema, "Tumalize magunia." Lakini wewe ukamshika sketi.

"Alimpata?"

"Alimpata, Roda. Lakini si kwa mwaka mzima. Sehemu ya mwaka binti hukaa na mama yake, na nafaka huota. Sehemu nyingine lazima arudi kuzimu."

"Kwa nini lazima?"

"Kwa sababu alipokuwa kule alikula chakula cha kule. Punje chache za komamanga."

Ukatazama viganja vyako. Jioni, tulipokuwa tukila ugali, uliacha tonge mkononi, ukaniuliza, "Mama, mimi si nimekula chakula cha hapa?"

Hapa ndipo haya inaponishika. Nilijua ulichokuwa unauliza. Ulikuwa unaniuliza kama mama yako akija atakukuta umekwisha kufungwa. Nami ningeweza kukuambia kwamba ile ni hadithi ya watu wa kale walioabudu vitu visivyokuwapo, na kwamba ugali haumfungi mtu. Badala yake nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza uniite Mama bila kulazimishwa. Nikakukumbatia nikasema, "Ndiyo, umekula. Sasa wewe ni wangu."

Ulimaliza tonge lako. Tangu siku hiyo hukuuliza tena, na mimi nilichukulia kwamba umeridhika.

Halafu akaja mjomba wako. Unajua kwamba alikuja, lakini alipoanza kuuliza maswali ulikimbilia nyuma ya jiko, na mengi hukuyasikia. Ilikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mtu mmoja alileta mahindi kwa punda, mkulima wa bara kidogo, ng'ambo ya Ruvu, mrefu, kanzu imepauka. Sisi tulikuwa kinuni. Alipita na gunia begani, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutazama, akiangalia anapokanyaga. Wewe ukachota punje zako, ukazitupa kwa mgongo wa mkono, ukapuliza.

Yule mtu alisimama. Akalitua gunia polepole kama lina mayai.

"Binti, nani amemfundisha mtoto huyu?"

"Hakuna, bwana. Ni tabia mbaya tu. Namkataza."

"Usimkataze," alisema. Akakaa juu ya gunia lake, pale pale katikati ya njia, wenzake nyuma wakampigia kelele apishe. "Kushoto. Kwa mgongo wa mkono. Na kupuliza." Aliyasema kama mtu anayehesabu kidole kwa kidole. "Mama yangu mzazi alifanya hivi. Kijiji kizima walimcheka, hakuna mwanamke mwingine aliyefanya. Yeye alisema ni punje za mchelewaji. Za mtu aliye njiani, hajafika, asije akakuta hakuna aliyemkumbuka. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu, na dada yangu akairithi. Huyu kaipata wapi?"

Nikamwambia uliletwa hapa mdogo, hujui kwenu. Aliuliza kama una kovu chini ya goti la kulia, la uji wa moto. Sikumjibu kwa mdomo. Mimi ndiye niliyekuogesha miaka yote hii, nalijua kovu hilo kama ninavyojua kidole changu. Nadhani uso wangu ulimjibu, maana aliziba macho kwa kilemba chake, mtu mzima, mbele ya wasichana.

"Dada yangu bado anatupa," akasema alipoweza. "Zamani alitupa kimya kimya. Sasa anataja na jina. Chausiku, anasema. Chausiku, chako hiki."

Nataka ujue nilichofikiri wakati ule, kwa kuwa niliahidi yote. Nilifikiri: laiti kofi langu lingefaulu. Nilifikiri hivyo kwa kitambo kidogo tu, kama mtu anavyopita penye jua kali, lakini nilifikiri. Kisha nikafikiri juu ya yule mwanamke na mkono wake, kila siku kinuni, na jina lako likianguka chini pamoja na punje, na kuku wakila. Ulisema mwenyewe siku ile barazani: hawajui kwamba wanaitwa. Wewe ulikuwa unaitwa kila siku, mwanangu, na hukujua, na mkono wako ulikuwa ukiitika.

Bibi Mkubwa hakukubali upesi. Aliandika kwa wakubwa wake, tukangoja. Alitaka mjomba aape kwamba hutauzwa wala kuwekwa rehani, wala hutaozwa ungali mtoto. Jana alipokuja kukuchukua aliapa tena, midomo imekauka kwa funga. Bibi Mkubwa anahuzunika pia kwa habari ya dini, maana utasali kama wasalivyo kwenu. Mimi nimemwachia Mungu, ambaye nadhani alikuwa anakujua kabla sisi hatujakupa jina. Mjomba anataka ufike kwa Idi. Mama yako hajaambiwa neno. "Sitamwambia nusu nusu," mjomba alisema. "Nitamwekea mkononi, ashike mwenyewe."

Na jana hiyo hiyo ndipo uliposema mbele yake, umejificha nyuma yangu, "Siwezi kwenda. Nimekula chakula cha hapa."

Mjomba hakuelewa. Alinitazama, mimi nikatazama chini. Basi akachuchumaa, akakuambia, "Mjomba, mimi leo nimealikwa futari kijijini Dunda, kwa rafiki yangu. Kuna uji, kuna tambi, kuna na samaki. Nikila hivyo vyote, kesho hawataniruhusu kuondoka? Nitakuwa mali yao?"

Ulikaribia kucheka. Niliona shavu lako.

"Na hao wenyeji wake wa uji je," Sesilia akadakia, "akinywa bakuli mbili itakuwaje? Watamwoza kabisa!" Bibi Mkubwa akamkoholea.

Mwanangu, alichosema mjomba ndicho nilichopaswa kukuambia siku ile ya ghalani. Chakula cha hapa nilikupikia kwa mkono wangu, na sikukupa ili kikufunge. Kilikuwa cha kukufikisha. Ulikuwa njiani, ukapita kwetu, ukala, ukakua, na sasa unaendelea na safari. Ukikaa mwaka mzima na mama yako, na mwaka mwingine, hakuna mfalme wa kuzimu atakayekuja kukudai. Mimi niliyesema wewe ni wangu naliondoa neno hilo leo kwa wino, ili ukilitilia shaka ulisome tena.

Kwenu utakuta mambo ambayo mkono wako unayajua na kichwa chako hakiyajui. Mama yako atakapokuita Chausiku, utahisi anamwita mtoto mwingine aliyesimama nyuma yako. Itika tu. Jina litakuzoea taratibu. Atakapolia, na atalia sana, usifanye nilivyokufanya mimi. Usimzibe mdomo, wala usimwambie basi, imekwisha. Kaa karibu naye mpaka amalize. Na akikuuliza juu yangu, usiogope kunitaja, wala usinitaje mno siku za kwanza. Mtu aliyetafuta kwa muda mrefu hapendi kusikia kwamba alichokitafuta kilikuwa kinatunzwa vizuri na mwingine.

Bado kuna jambo moja, na ndilo lililonifanya niombe karatasi ya pili.

Tangu mjomba alipokutambua umekuwa mpelelezi. Unatazama mikono ya kila mtu. Juzi nilikuwa nikipika dagaa, nawe umekaa kwenye kinu kilicholala, ukaniambia, "Mama, na wewe unayo yako."

"Yangu nini?"

"Unagonga chungu."

Nikakuambia sigongi. Ukaita kwa sauti mpaka kisimani, "Shangazi Sesilia! Eti Mama hagongi chungu?"

"Hagongi?" Sesilia akajibu akiwa na mtungi kichwani. "Tangu nimjue! Ko, ko, kwa kucha, mara mbili, kabla hajafunua. Kama anapiga hodi. Mimi nilidhani anawaambia dagaa wavae nguo."

Mlicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, nikasema mnanisingizia. Lakini jana nilisimama mbele ya chungu peke yangu, nikaweka mikono nyuma, nikasema sasa nitafunua kama watu wote. Nikanyoosha mkono kuchukua kifuniko, na kabla sijakigusa kucha zangu zikagonga. Ko, ko. Sikuziambia.

Roda, mimi sina kovu ambalo mtu amewahi kuliuliza. Sina jina la kwetu, sina mto, sina uso wa mama yangu hata katika ndoto. Bibi Edita alikisia miaka yangu kwa meno, akaandika. Nimekuwa nikisema kwa miaka yote, "Kwetu ni hapa," na nilikuwa nimeanza kuliamini. Sasa nimejua kwamba yuko mtu aliyegonga chungu mbele yangu, tena mara nyingi sana, mpaka mkono wangu ukashika kabla kichwa hakijaanza kuweka mambo. Kwa nini aligonga, sijui. Labda alikuwa akiuliza chakula kama kimeiva. Labda alikuwa na mtoto mdogo aliyependa kusikia mlio, akagonga kumfurahisha. Nimekaa nikifikiri hivyo, na inaniuma kwa namna ambayo sitaki iishe.

Kesho ni Jumamosi, siku ambayo Waingereza wamemwachia yule mungu wa kupanda, bila kumkumbuka. Mtaondoka kabla jua halijawa kali, kwa ajili ya funga ya mjomba. Nitakusindikiza mpaka kwenye lango. Nakuomba usishike mwimo. Ukitaka kugeuka, geuka, nitakuwa nimesimama hapo, kisha tembea. Mjomba amesema kwamba mavuno ya mtama yakiisha utachagua mwenyewe, urudi kusoma au ubaki. Hilo sikuulizi. Ukiniona nimetupa punje kushoto kwa mgongo wa mkono, maana nimeanza, Sesilia asije akakuambia kwamba ninakudai. Ni za mtu aliye njiani tu, yeyote.

Utakaposoma barua hii, soma polepole, na mahali pagumu paruke mpaka utakapokuwa mkubwa. Lakini mstari huu wa mwisho usiuruke. Mjomba atakuja tena na mahindi baada ya Idi, na jibu hata likiwa la neno moja la mdomo mpe yeye, nitakuwa nikimngoja langoni. Wanawake wa kwenu hukutana kisimani na shambani na kwenye arusi, na wengine wameolewa kutoka mbali. Waulize kwa ajili yangu, mimi Marta, niliyekuwa mama yako: yuko miongoni mwao, au wamewahi kumsikia popote, mwanamke agongaye chungu mara mbili kwa kucha kabla ya kukifunua?